Baraza la Kuambiwa na Baraza la Kuulizwa

Asiyekuwapo na lake halipo. Sisi watu wa mwambao twaitamka methali hii tangu utotoni, aghalabu katika mambo ya karamu na mirathi, lakini ni nadra kuikumbuka tunapozungumza habari za mji: wapi pachimbwe mtaro, wapi pawekwe taa, soko lihamishwe au lisihamishwe, na fedha za mwaka huu zianze kwa lipi. Mimi nilikumbushwa maana yake mbali kabisa na bahari, huko Ruiri katika nchi ya Meru, na aliyenikumbusha ni mama mmoja auzaye maharagwe.

Nilikwenda Ruiri kumzuru rafiki yangu wa zamani, mwalimu mstaafu niliyefundisha naye miaka mingi. Kutoka Mombasa nilipanda basi la usiku hadi Nairobi, kisha matatu iliyopitia Embu hadi Meru mjini, na kutoka hapo nikachukua nyingine iteremkayo upande wa kaskazini. Mtu wa pwani aionapo nchi ile mara ya kwanza hustaajabu. Nyuma yako una Mlima Kenya na misitu yake. Mbele yako ardhi yateremka ikizidi kukauka kuelekea nyanda za Isiolo. Kwa sababu hiyo mazungumzo ya wenyeji hayafiki mbali kabla ya kugusa maji, kama yetu yasivyofika mbali kabla ya kugusa bahari.

Siku ya pili mwenyeji wangu alinipeleka sokoni. Nikamwuliza yule mama, kwa mazoea ya mwalimu apendaye kudadisi, mambo ya soko lile huamuliwa na nani. Akacheka. "Mwalimu, sisi huitwa barazani. Tukienda, tunaambiwa. Tukishaambiwa, tunapiga makofi, tunarudi." Nikamwuliza mbona yeye hasemi. Akanijibu, mikono yake ikiendelea kujaza gorogoro ya maharagwe kwa mnunuzi mwingine: "Baraza huwa saa nne asubuhi, siku ya kazi. Nikienda kusema, nani atauza? Nikiuza, nani atasema?"

Sikuwa na jawabu. Lakini nilirudi na maneno yale kama mtu aliyepewa amana, kwani yalinichoma mahali panapouma.

Kosa letu wenyewe

Niseme ukweli wangu kabla ya kusema ya watu. Katika mtaa ninaokaa, kwenye mji mmoja wa pwani ambao sitautaja, miaka michache iliyopita ulichimbwa mtaro wa maji ya mvua. Wachimbaji walikuja asubuhi moja, wakachimba, wakajenga, wakaondoka. Ulipoanza msimu wa masika, maji yote ya barabara kuu yalishuka kwa mtaro ule na kumwagika mlangoni kwa jirani yetu mmoja, mjane mwenye wajukuu watatu. Magodoro yakaloa, madaftari ya watoto yakaloa. Sisi wanaume tuliokuwa tukinywa kahawa barazani kila jioni tulikasirika sana. Tukasema mengi. Tukawalaani wakubwa wote.

Hatimaye tulikwenda kuuliza. Karani akafungua faili, akatuonyesha kwa upole kwamba mkutano wa kuchukua maoni ulikuwa umefanyika, tarehe iko, saa iko, na orodha ya waliohudhuria iko. Kutoka mtaa wetu palikuwa na majina mawili, na wote wawili walikuwa vijana waliopita njia wakavutiwa na soda. Tangazo lilikuwa limetolewa gazetini, kwa Kiingereza, na pengine mmoja wetu alifungiwa mhamri kwa ukurasa huo huo. Kila mzee wa mtaa alijua maji ya masika hupita wapi. Hakuna aliyeulizwa, na hakuna aliyejipeleka kusema.

Basi nauliza, kosa lilikuwa la nani? Ofisi ilikosa, kwani iliridhika na orodha ikasahau watu. Na sisi tulikosa, kwani tulidhani kulalamika barazani ni sawa na kushiriki katika uongozi wa mji. Mambo haya mawili hayafanani hata kidogo.

Safari ya neno

Neno baraza, ndugu msomaji, ni letu. Ni kile kiti cha mawe kilichojengwa pamoja na ukuta wa nyumba, nje ya mlango, Lamu, Mombasa na Unguja. Juu yake hukaa mwenye nyumba na mpita njia, msomi na mvuvi; na ingawa heshima huwekwa, kila mmoja ana ulimi. Hapo habari hupimwa, na mtu akisema upuuzi huambiwa papo hapo.

Neno hili lilipanda bara pamoja na misafara na utawala, lakini lilipofika huko maana yake iligeuzwa. Serikali ya kikoloni iliweka wakuu wa vijiji kwa sheria ya mwaka 1902, na baraza la chifu likawa ni mahali pa wananchi kukaa chini juani wakiambiwa kodi ni kiasi gani, njia italimwa siku gani, na mifugo ihamishwe wapi. Mwaka 1924 yaliporuhusiwa mabaraza ya wenyeji, mwenyekiti wake alikuwa Bwana D.C. mwenyewe. Kwa hiyo baraza likatoka kuwa mahali pa kusemezana, likawa mahali pa kuamrishwa.

Uhuru ulikuja mwaka 1963, lakini tabia hii haikuondoka na bendera. Mwaka 1969 ilipitishwa sheria iliyoziondolea halmashauri za kaunti kazi kubwa kubwa: shule za msingi, afya na barabara zikahamishiwa serikali kuu. Halmashauri zikabaki na ushuru wa soko na ugomvi. Kutoka mwaka 2001 serikali za mitaa zilitakiwa kuwashirikisha wananchi katika kupanga miradi ili zipate fedha za mgao, na huo ulikuwa mwanzo mwema. Lakini mahali pengi mikutano ile ikawa ya diwani na marafiki zake. Yule mama wa Ruiri anaposema "tunaambiwa", basi, hazungumzi habari ya jana. Amerithi baraza lililogeuzwa.

Wazee wa zamani

Wapo wasemao kwamba dawa ni kurudi kwa mila. Mila ina hekima, sikatai. Mji wa Lamu ulipojitawala ulikuwa na wazee waliokutana Yumbe, wakishauriana kwa zamu za makundi mawili ya mji. Wameru nao wanayo Njuri Ncheke, baraza lao la wazee ambalo nyumba yake ya heshima iko Nchiru, na hadi leo watu huliendea kwa migogoro ya ardhi na mipaka. Mwenyeji wangu alinieleza jinsi mzee anavyopikwa kwa ngazi mpaka afike huko, nami nikaona fahari machoni pake.

Lakini tusidanganyane. Yumbe walikaa waungwana. Mtumwa hakukaa, mwanamke hakukaa. Njuri Ncheke nayo ni ya wanaume. Mwaka 1956 wazee wa Njuri, wakiwa wamekubaliana na serikali ya kikoloni, walipiga marufuku tohara ya wasichana katika nchi ya Meru. Wasichana wengi walikaidi, wakajitahiri wenyewe kwa wenyewe, na mashtaka na faini zikafuata kwa miaka mitatu. Sisemi kwamba jambo lile lilikuwa jema. Madhara yake yanajulikana, na sheria ya Kenya ya mwaka 2011 imelikataza. Nasema kwamba hata uamuzi wenye kusudi jema, ukiamuliwa juu ya vichwa vya wale unaowahusu, hugeuka kuwa vita. Wasichana wale na mama zao hawakuulizwa. Kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake, na wazee wale hawakuwa wamelala kitanda kile.

Sisi Waislamu tuna mfano ulio bora zaidi. Katika Qurani iko sura nzima, ya 42, iliyopewa jina la Shura, yaani kushauriana. Na tukisoma sira twaona vita vya Khandaq, mwaka wa 5 wa Hijra, Madina ilipozungukwa na maadui. Mtume (S.A.W.) aliwashauri masahaba zake, na shauri lililookoa mji, la kuchimba handaki, lilitolewa na Salman Al-Farisi. Salman alikuwa nani? Hakuwa mzaliwa wa Madina wala Mwarabu. Alikuwa mgeni kutoka Uajemi, aliyefika pale mtumwa. Lakini alikaa katika mji, hatari ya mji ilimhusu, na alijua jambo ambalo wenyeji hawakulijua. Akasikilizwa.

Mfano huu natamani tuuweke moyoni, sisi wa pwani na ndugu zetu wa bara pia, kwani kila siku twasikia maneno ya "huyu si wa hapa". Mwuza mboga kutoka Meru aliyekaa Mombasa miaka ishirini anajua soko letu lina kasoro gani. Na Mwislamu mwenye duka lake Meru anajua taa ya barabara inakosekana wapi. Sheria ya nchi nayo, inapozungumzia miji, husema "wakaazi", haikusema wazawa.

Sheria yasemaje

Katiba ya Kenya iliyotangazwa tarehe 27 Agosti, 2010 iliweka ushiriki wa wananchi kuwa mojawapo ya maadili ya taifa katika kifungu cha 10. Kifungu cha 184 kikaagiza kwamba sheria ya miji na majiji lazima ieleze jinsi wakaazi watakavyoshiriki katika uongozi wake. Kifungu cha 196 kikalibana bunge la kaunti lifanye kazi yake hadharani na kuwashirikisha wananchi, na kifungu cha 201 kikasema hayo hayo juu ya fedha za umma.

Ruiri si jiji wala manispaa. Ni kituo cha biashara katika wadi ya Ruiri/Rwarera, eneo bunge la Buuri. Lakini haki hizi hazikuwekewa watu wa majiji peke yao. Kila kaunti, tangu zilipoanza kazi mwaka 2013, hufuata kalenda moja ya fedha, na kalenda hiyo ndiyo ufunguo ambao wengi wetu hatuushiki. Mpango wa maendeleo wa mwaka hutakiwa kufikishwa katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba. Waraka wa mwelekeo wa fedha hufuata kabla ya mwisho wa Februari. Makadirio ya bajeti hufika tarehe 30 Aprili, na sheria ya matumizi hupitishwa kabla ya mwaka wa fedha kwisha tarehe 30 Juni. Juu ya yote hayo kuna mpango mkuu wa miaka mitano. Ulioko sasa ni wa 2023 hadi 2027.

Maana yake ni nini kwa mtu wa kawaida? Ni kwamba ukienda kudai kisima mwezi wa Juni, umechelewa. Chungu kimekwisha kuepuliwa. Neno la kisima lataka kusemwa mwaka uliotangulia, kabla ya Septemba, wakati mpango unapoandikwa. Watu wa mulika mwizi, wale wauzao taa kubwa za mnara, wanaijua kalenda hii vizuri. Wanaohitaji maji hawaijui. Ndiyo sababu pengine waona taa kubwa ikimulika mitungi mitupu.

Ziko njia nyingine. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 yampa kila mtu haki ya kupeleka maombi katika bunge la kaunti juu ya jambo lolote lililo katika mamlaka yake, na yailazimisha serikali kuyajibu. Sheria ya Miji na Majiji ya mwaka 2011 yawaruhusu wakaazi kukutana, kujadili huduma, bajeti na mipango, kutoa mapendekezo yao, na kuwafuatilia viongozi wao kwa matendo. Sheria hiyo hiyo ilivitaja vyama vya wakaazi wa mitaa vilivyosajiliwa kuwa miongoni mwa makundi yenye haki ya kupendekeza wajumbe wa bodi ya mji. Zingatia neno hilo, vilivyosajiliwa. Kundi la kahawa halitambuliwi. Chama chenye cheti, katibu na daftari kinatambuliwa.

Kisha iko Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016. Mwananchi aweza kuandika kwa Kiswahili au kwa Kiingereza kuomba nakala ya mpango, mkataba au hesabu za mradi. Ofisi ina siku 21 za kuamua. Asiyejua kuandika anayo haki ya kusema kwa mdomo, na ofisa amwandikie. Laiti tungaliijua sheria hii siku ile ya mtaro! Tungaliomba ramani yake kabla ya sepetu ya kwanza.

Mahakama zimenena

Pengine msomaji atasema haya ni maneno ya vitabuni. La. Mwezi wa Aprili mwaka 2014 Mahakama Kuu iliifutilia mbali sheria ya fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa inavyostahili. Jaji Odunga alieleza kwamba haitoshi kutimiza desturi kwa jina tu. Bunge la kaunti litumie njia nyingi iwezekanavyo kuwafikia watu, na miongoni mwa njia alizozitaja yalikuwamo makanisa, misikiti, mabaraza ya hadhara na redio za lugha za wenyeji. Misikiti, ndugu zangu, imetajwa na jaji. Je, katika misikiti yetu, baada ya sala ya Ijumaa, hutangazwa lini kwamba bajeti ya kaunti inajadiliwa wiki ijayo?

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni Lamu. Tarehe 2 Machi, 2012 ulizinduliwa mradi mkubwa wa bandari na njia itokayo Lamu kupitia Isiolo kuelekea Ethiopia na Sudan Kusini. Isiolo hiyo ndiyo jirani ya Ruiri, kwa hiyo njia moja yatuunganisha mvuvi wa Lamu na mkulima wa Buuri, wajue wasijue. Wavuvi wa Lamu, Mohamed Ali Baadi akiwa wa mbele, walikwenda mahakamani, na mwezi wa Aprili mwaka 2018 Mahakama Kuu mjini Malindi iliona kwamba haki zao zilivunjwa, pamoja na haki ya kushirikishwa na ya utamaduni wao, ikaamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76.

Mwaka uliofuata, tarehe 26 Juni, 2019, Mahakama ya Mazingira ya rufani za leseni iliifuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichokusudiwa kujengwa katika kaunti hiyo. Sababu moja kubwa inafaa ikaririwe kila mtaa. Mikutano ilifanyika, ndiyo, lakini ilifanyika kabla ya ripoti ya athari kutoka. Watu waliulizwa maoni juu ya jambo ambalo hawajalisomewa. Kumwuliza mtu asiyepewa habari ni sawa na kumwonjesha mchuzi ukiwa bado kuku yuko bandani.

Ya wenzetu

Ndugu zetu wa Tanzania walizivunja serikali za mitaa mwaka 1972, wakaona hasara yake, wakazirudisha kwa sheria za mwaka 1982. Huko mtaa si jina la mahali tu. Una mwenyekiti anayechaguliwa na wakaazi. Kijiji nacho kina mkutano mkuu ambao kila mtu mzima ni mjumbe wake, na hutakiwa kukutana kila miezi mitatu kusomewa mapato na matumizi. Utekelezaji hutofautiana, lakini mlango upo na wajulikana uliko.

Kaunti ya Makueni, hapa kwetu, ilisifiwa kwa kuanzia majadiliano vijijini na kuyapandisha hatua kwa hatua hadi kaunti, na kwa kamati za miradi zilizochaguliwa na wananchi wenyewe kusimamia kazi ya mkandarasi. Mbali zaidi, mji wa Porto Alegre katika Brazili ulianza mwaka 1989 kuwaita wakaazi wa mitaa kupanga sehemu ya bajeti ya mji, na mitaa ya maskini ikapata maji na mabomba iliyokuwa ikiyangoja kwa miaka. Desturi ile baadaye ilidhoofika viongozi walipobadilika, na hilo nalo ni funzo: haki isiyotumiwa hupata kutu.

Pingamizi na majibu

Kuna wanaosema kwamba mambo haya yanachelewesha maendeleo. Tumekwisha kumchagua mwakilishi wa wadi, husema, basi tumwache afanye kazi. Jawabu langu ni la mtaro. Mtaro wetu ulijengwa haraka sana, na sasa utavunjwa ujengwe tena kwa fedha nyingine. Haraka hiyo imetugharimu mara mbili. Na kumchagua mtu si kumuuzia ulimi wako. Wakili humwakilisha mwenye kesi, lakini humwuliza kwanza.

Wengine wanasema wananchi wenyewe hawaji ila pana posho, na wakija husema ya mashamba yao tu. Hili lina ukweli, nami siwezi kulipamba. Mkutano mwingine hujaa watu wa nauli, wale wale kila mara, wakipiga makofi kwa zamu. Lakini tujiulize kwa nini mtu mwenye shughuli zake haji. Haji kwa sababu alikuja mara tatu, akasema, akaandikwa, na asirudishiwe jawabu. Mtu huacha kupiga hodi katika nyumba isiyoitika. Dawa yake ni kwamba kila mkutano uanze kwa kusomwa yaliyosemwa katika mkutano uliopita: lipi lilikubaliwa, lipi lilikataliwa na kwa nini. Kataa neno langu, lakini nieleze. Hapo nitarudi.

Dawa ya pili ni saa. Nilimwuliza mwenyeji wangu wa Ruiri, mkutano ungefaa uwe lini. Alifikiri kidogo akasema, "Ungewekwa pale pale sokoni, jioni, watu wakifunga biashara." Jambo dogo kama hili lingeingiza katika baraza mamia ya ndimi ambazo sasa hazimo. Kwetu pwani, mkutano wa saa nane mchana katika mwezi wa Ramadhani utaita nani? Na mkutano usiokuwa na mahali pa wanawake kukaa kwa staha na kusema bila kukatizwa, huo ni nusu ya mkutano. Aliyelowa magodoro katika mtaa wetu alikuwa mwanamke. Mzigo wa ndoo katika nchi kavu ya Buuri uko juu ya migongo ya wanawake. Asiyeteka maji ataamuaje kisima kiwe wapi?

Kurudi nyumbani

Asubuhi ya kuondoka nilipita tena sokoni kumwaga yule mama. Nilimwambia kwamba nimepata jawabu la swali lake, ingawa si kamili. Nikasema, "Mama, wewe uza. Lakini chagueni mmoja katika wauza maharagwe, mmfungie biashara yake siku hiyo, yeye aende akaseme kwa niaba yenu, na akirudi awaeleze." Akaniangalia, akasema, "Na tukimwuliza alisema nini, na yeye akatuambia tu?" Tukacheka sote, lakini swali lake lilikuwa zito kuliko ushauri wangu. Hata aliye mmoja wetu, tukimtuma, lazima tumwulize.

Niliporejea, mtaa wetu ulikutana. Hatukukutana asubuhi, tulikutana baada ya Isha, katika ua wa madrasa, na wanawake waliketi upande wa mbele. Yule jirani yetu mjane ndiye aliyeanza kusema. Alieleza maji yalipitia wapi, yalisimama wapi, na yangepitia wapi kama mtaro ungekatwa hatua thelathini kabla ya mlango wake. Mhandisi angalimlipa mtu fedha nyingi kupata maelezo yale. Kijana mmoja aliandika yote, kwa Kiswahili safi, na barua ikapelekwa na kupigwa muhuri wa kupokewa. Chama cha mtaa kimeanza taratibu za kusajiliwa. Tarehe za bajeti zimebandikwa ukutani, karibu na ratiba ya sala.

Jawabu la barua halijaja. Tunahesabu siku, na siku zikitimia tutarudi ofisini, si kwa matusi bali kwa nakala yetu yenye muhuri. Wala hatutakwenda wawili.

Wabillahi taufiq.